Kiapo cha bendera: Asili yake na uzito wa maneno yake

JUMATATU na Ijumaa asubuhi, katika shule nyingi za Meru na Embu, wanafunzi hujipanga mbele ya mlingoti. Skauti hupandisha bendera, wimbo wa taifa huimbwa kwa Kiswahili, kisha kwa miaka mingi kikafuata kiapo cha uaminifu, aghalabu kwa Kiingereza. Wengi walikikariri wangali wadogo bila kuelezwa maana yake.

Kiapo hicho kina sehemu kadhaa. Mwenye kuapa huahidi uaminifu kwa Rais na taifa la Kenya. Utayari na wajibu wa kuilinda bendera ya Jamhuri. Na uhai, nguvu na utumishi wake katika ujenzi wa taifa. Hutaja moyo wa Harambee, na kumalizia kwa falsafa ya Nyayo ya amani, upendo na umoja.

Kila sehemu ina umri wake. Harambee ilikuwa wito wa Mzee Jomo Kenyatta, na imeandikwa katika nembo ya taifa. Nyayo ilianza baada ya Kenyatta kufariki Agosti 22, 1978, pale Daniel arap Moi alipotangaza kwamba angefuata nyayo za mtangulizi wake. Kwa hiyo kiapo chenye neno hilo ni zao la utawala wa Moi, uliokoma Desemba 2002.

Bendera yenyewe ni kongwe kuliko maneno hayo. Ilipandishwa rasmi Desemba 12, 1963, na mpanda milima Kisoi Munyao akaisimika juu ya Mlima Kenya, unaotazamana na Meru na Embu. Rangi yake nyekundu hukumbusha damu iliyomwagika katika kupigania uhuru.

Katika eneo hilo neno kiapo si jepesi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, watu wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa waliokula kiapo cha Mau Mau, jambo ambalo serikali ya kikoloni ililihesabu kuwa uhalifu. Jemadari Musa Mwariama wa Meru alibaki msituni hadi uhuru ulipopatikana. Kwa wazee wa kizazi hicho, aliyeapa alifungwa na neno lake. Hakulitamka kwa mazoea.

Je, sheria inasemaje? Kifungu cha 9 cha Katiba ya 2010 kinataja alama nne za taifa: bendera, wimbo wa taifa, nembo na muhuri wa umma. Kiapo cha shuleni hakimo. Kifungu cha 3 kinamtaka kila mtu aiheshimu, aifuate na kuilinda Katiba, si kiongozi fulani. Nacho kifungu cha 32 kinakataza kumlazimisha mtu kutenda jambo linalopingana na imani yake.

Marekani ilipitia mvutano huo mapema. Kiapo chake kilitungwa na Francis Bellamy mwaka wa 1892, na jina la Mungu likaongezwa mwaka wa 1954. Mwaka wa 1940 Mahakama ya Juu iliruhusu shule kuwalazimisha watoto wa Mashahidi wa Yehova kuisalimu bendera. Mwaka wa 1943 ikabatilisha uamuzi huo. Huko hata majimbo yana viapo vyao: Texas ina chake tangu 1933.

Nchini Kenya, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazipa kaunti, zikiwemo Meru na Embu, bendera, nembo na muhuri. Miongoni mwa alama hizo hakuna kiapo.

Basi mwalimu anayewaongoza watoto mbele ya mlingoti ana kazi mbili: kuwafundisha kuiheshimu bendera, na kuwaeleza kila neno wanalotamka. Ahadi isiyoeleweka haimfungi anayeitoa.