Mika Waltari: Mwandishi wa Kifini na Mpelelezi Wake Palmu

Wengi wetu tunaofundisha na kujifunza Kiswahili tunalijua jina la Helsinki kwa sababu ya Kopasi ya Kiswahili, iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha mji huo chini ya uongozi wa Profesa Arvi Hurskainen. Ni wachache wanaojua kwamba chuo hichohicho kilimsomesha mwandishi aliyeivusha fasihi ya Kifini mipaka ya nchi yake, Mika Waltari. Dunia inamkumbuka kwa riwaya ya kihistoria, lakini nyumbani kwao anapendwa pia kwa vitabu vitatu vya upelelezi. Makala haya yanaeleza maisha na kazi yake, kisha yanauliza swali linalotuhusu: je, riwaya ya upelelezi ni fasihi, au ni kitu cha kupitishia wakati tu?

Waltari alizaliwa Helsinki tarehe 19 Septemba 1908, wakati Ufini ikiwa bado chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake, mchungaji wa Kilutheri, alifariki mwaka 1914 na kumwachia mama watoto watatu wa kiume. Kijana Mika alianza kusomea theolojia kwa kufuata nyayo za baba, lakini akaiacha na kuhamia masomo mengine, akahitimu mwaka 1929. Wakati huo alikwisha kuwa maarufu kwa riwaya yake Suuri illusioni (Njozi Kuu) ya mwaka 1928, ambayo sehemu yake kubwa aliiandika akiwa Paris.

Ili kuelewa kazi yake, yafaa tukumbuke hali ya lugha aliyoitumia. Kwa karne nyingi Kiswidi ndicho kilichokuwa lugha ya ofisi na ya wasomi nchini Ufini. Ni mwaka 1863 tu ambapo amri ya mfalme ilifungua njia ya Kifini kuwa sawa na Kiswidi katika shughuli za serikali, na riwaya ya kwanza kubwa ya Kifini, Seitsemän veljestä ya Aleksis Kivi, ilitoka mwaka 1870. Kwa hiyo Waltari alizaliwa katika fasihi changa, yenye wasomaji wachache. Mwandishi wa lugha kama hiyo aliyetaka kuishi kwa kalamu hakuweza kuchagua utanzu mmoja. Waltari aliandika mashairi, tamthilia, hadithi fupi, miswada ya filamu na riwaya. Alifasiri vitabu, akafanya kazi katika jarida la Suomen Kuvalehti, na mwaka 1935 akatoa kitabu cha kuwaongoza wanaotaka kuwa waandishi.

Riwaya yake ya kwanza ya upelelezi, Kuka murhasi rouva Skrofin? (Nani Alimuua Bibi Skrof?), ilitoka mwaka 1939. Aliiandikia shindano la riwaya za upelelezi la nchi za Kaskazini mwa Ulaya, nayo ikashinda kwa upande wa Ufini. Humo tunakutana na Inspekta Palmu wa polisi wa Helsinki: mtu mzima mwenye ulimi mkali, aliyejifunza kazi kazini na wala hana shahada. Msimulizi ni kijana wake, Toivo Virta, msomi wa sheria ambaye mara kwa mara huaibika mbele ya akili ya mkubwa wake. Marehemu ni mjane tajiri na bahili. Kadiri Palmu anavyomtafuta muuaji, ndivyo msomaji anavyooneshwa uroho wa mali na unafiki wa watu waliojivika joho la dini. Kitabu cha pili, Komisario Palmun erehdys (Kosa la Inspekta Palmu), kilifuata mwaka 1940.

Hapo vita vilikuwa vimekwisha kuingia. Ufini ilipigana na Umoja wa Kisovieti mwaka 1939 hadi 1940, kisha tena mwaka 1941 hadi 1944. Waltari alitumikia idara ya habari ya serikali, akiandika yaliyotakiwa na vita. Vita vilipokwisha, aliandika kwa miezi michache tu riwaya ndefu ya Sinuhe egyptiläinen (Sinuhe Mmisri), iliyotoka mwaka 1945. Ni hadithi ya tabibu wa Misri ya kale anayeona ndoto za wafalme zikiishia katika damu. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1949 ilitokana na ile ya Kiswidi, tena imefupishwa, si na Kifini chenyewe. Hata hivyo ilisomwa sana Marekani, na mwaka 1954 ikatengenezwa filamu huko Hollywood.

Palmu alikaa kimya zaidi ya miaka 20. Kilichomrudisha ni filamu za mwelekezi Matti Kassila, za mwaka 1960 na 1961, zilizopendwa mno na Wafini. Mwaka 1962 Waltari akatoa kitabu cha tatu, kinachoanza kwa maiti kugunduliwa na mpenzi wa kutazama nyota. Mwandishi huyu alikuwa tayari mwanachama wa Akademia ya Ufini tangu mwaka 1957, na hakuona aibu kurudi kwa mpelelezi wake. Riwaya yake ya mwisho ilitoka mwaka 1964, naye akafariki Helsinki tarehe 26 Agosti 1979.

Wapo wahakiki waliomwona Waltari kuwa mwepesi mno, kwa kuwa alisomwa na wengi. Hoja hiyo si ngeni kwetu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla naye alitokana na shindano la uandishi, lile la mwaka 1957 hadi 1958, na Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa mwaka 1960. Mara ngapi tumemtaja darasani kwa haraka, kama mtangulizi tu wa riwaya "nzito"? Lakini lugha haijengwi na vitabu vya mtihani peke yake. Hujengwa pia na kitabu ambacho mtu hukisoma usiku kwa hiari yake, akikataa kuzima taa kabla hajamjua muuaji. Wafini walilijua hilo mapema. Nasi tunaofundisha Kiswahili pale ambapo wanafunzi wengi hawakukikuta nyumbani, tungefanya vyema kumrudisha Bwana Msa darasani.