Kebo ya mtandao katika ukuta wa udongo: kisa cha Majengo, Pumwani

Leo tuweke programu kando kidogo tuongee juu ya waya. Na historia pia, maana ukiingia katika nyumba ya zamani ya Majengo kule Pumwani na boksi la kebo ya Cat5e begani, hutapiga hatua nyingi kabla ya kujikuta unauliza maswali ya miaka mia iliyopita.

Ukisoma maelekezo ya Wamarekani ya kupitisha kebo ndani ya kuta, mambo ni rahisi mno. Kuta zao nyingi ni fremu ya mbao iliyofunikwa mbao za jasi pande mbili, katikati kuna uwazi. Unakata tundu juu, tundu chini, unateremsha kebo, kazi imekwisha. Mwingereza mwenye nyumba ya matofali yeye huchimba mfereji kwenye plasta, akafukia. Sasa njoo kwenye ukuta wa Majengo. Kuna nguzo za miti, fito zilizofungwa kwa mlalo pande zote mbili, udongo ulioshindiliwa katikati, na juu yake chokaa au plasta nyembamba ya saruji. Uwazi hakuna. Ukichimba mfereji unakata fito, na fito ndizo zinazoshika udongo. Ukigonga nyundo upande huu, plasta inadondoka upande wa pili kwenye kitanda cha jirani!

Utaniambia, basi tumia Wi-Fi. Nimejaribu. Udongo mnene hunyonya mawimbi, hasa ukiwa na unyevu wakati wa masika, na mahali palipozibwa kwa kipande cha bati mawimbi hurudi yalikotoka. Isitoshe, masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Weka ruta katika kila chumba, na nyumba zimebanana hivi, uone kelele yake. Kebo inabaki kuwa jibu. Ila ni lazima kwanza uelewe kwa nini ukuta uko hivyo.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Waafrika waliokuja mjini walijijengea vijiji vyao: Pangani, Maskini, Kaburini, Mji wa Mombasa. Waliishi humo wapagazi, mafundi, wachuuzi na wanawake waliojitegemea, wengi wao Waislamu. Wakoloni hawakuvipenda vijiji hivi. Kwa macho yao Mwafrika alikuja mjini kufanya kazi, akimaliza arudi kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakapima viwanja kwa mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu, wakakiita kitongoji hicho Pumwani, eneo la kwanza rasmi la Waafrika katika Nairobi, na vijiji vya zamani vikaanza kubomolewa. Pangani ilivumilia hadi 1938 na 1939, ndipo watu wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo hapo jirani.

Sikiliza masharti sasa. Ardhi ilikuwa ya baraza la mji. Wewe ulipewa kiwanja, ukakilipia, ukajenga kwa pesa zako mwenyewe, lakini kwa kibali cha muda. Nani angetia mawe na saruji kwenye ardhi anayoweza kuambiwa kesho aondoke? Watu wakajenga kwa miti na udongo, wakaezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, baadaye mabati. Fundi wa leo akilalamika kwamba ukuta haushiki skrubu, analalamikia kibali kile bila kujua.

Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Hili huwashangaza watu, lakini watafiti kama Janet Bujra na Luise White wameliandika kwa kirefu, jinsi wanawake wa Nairobi walivyoweka akiba, wakajenga, wakapangisha. White alikusanya masimulizi ya wengine wao katika kitabu chake cha mwaka 1990. Na nyumba waliyoichagua ni ile ya pwani: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Utaikuta pia Kariakoo ya Dar es Salaam (jina hilo na Kariokor ya Nairobi ni moja, yote yametoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza). Ni nyumba iliyoundwa kupangisha. Kila mlango ni kodi yake. Mimi mtu wa kompyuta nikiitazama naona swichi: ukumbi ni njia kuu, vyumba ni porti.

Stima je? Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa mwaka 1922, wakati Pumwani ndiyo kwanza inasimama. Lakini nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya kibatari. Katika nyumba niliyofanyia kazi, stima ilikuja baadaye na haikuingia ukutani hata kidogo. Unaona matabaka kama ya mchimba visukuku: kwanza ubao mwembamba wenye waya uliobanwa kwa klipu za bati, pembeni bomba jeupe la plastiki la juzijuzi, kisha waya wa antena ya televisheni unaoning'inia bila mpango. Hakuna fundi aliyethubutu kuchimba. Nami sikuchimba.

Njia ilikuwepo tayari, juu. Katika nyumba ile kuta za kugawa vyumba hazifiki kwenye paa. Umebaki upenyo chini ya mabati, na hewa, moshi, harufu ya samaki na ugomvi wa mke na mume hupita humo bila kubisha hodi. Wapangaji huulaani upenyo huo. Kwa mtu wa kebo ni barabara kuu!

Ruta niliiweka ukumbini karibu na mlango wa mbele, pamoja na swichi ya porti nane. Kutoka hapo kebo sita zilipanda pamoja hadi juu ya ukuta, zikafuata boriti, kila moja ikaingia chumba chake kupitia upenyo na kushuka ndani ya bomba la plastiki kando ya fremu ya mlango. Misumari iliingia kwenye mbao za fremu, udongo haukuguswa. Kebo isiguse bati, kwa sababu jua la mchana huoka ganda la plastiki. Isilale sambamba na waya wa stima. Acha nafasi, na pakilazimu kuvuka, vuka kwa pembe mraba. Kusokota waya mbili mbili ili kupunguza kelele ni wazo la zamani, Alexander Graham Bell alilipatia hataza mwaka 1881, lakini msokoto si kinga ya mshtuko wa stima. Panya nao wana meno, kwa hiyo bomba usilibanie. Na unaponunua, kwangua kidogo waya wa ndani kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, mrudishie mwenye duka. Urefu usikutishe, kikomo ni mita 100 na nyumba nzima haifiki hapo.

Mwenye nyumba ni mjukuu wa mwanamke aliyeijenga. Alikaa barazani akitazama kazi, halafu akaniuliza, "Mwanangu, wakija kubomoa, waya huu unatoka?"

Hakuwa anatania. Tangu uhuru sehemu za Pumwani ya zamani zimebomolewa, mitaa kama California ikasimama mahali pake, na kila mpango mpya unaposikika swali ni lile lile: mwenye kuta asiye na ardhi atapewa nini? Yeye ana makaratasi ya bibi yake na risiti za kiwanja kwenye mkoba wa plastiki. Ana ndugu wanaodai mafungu yao ya mirathi. Ana wapangaji sita, mmoja fundi cherehani anayepokea oda kwa simu, mwingine mwanafunzi wa chuo, na wote wamekubali kuchangia laini moja.

Nikamjibu, "Unatoka, Mama. Wote, kwa nusu siku."

Akaniambia basi nisifukie hata kipande kimoja, hata pale ukumbini ambapo plasta ni nzuri. Nilimwachia mita mbili za ziada kwa kila kebo, zimekunjwa juu ya boriti, na kila kunjo lina karatasi yenye namba ya chumba. Namba alizisoma yeye, mimi nikaandika. Hazianzi na moja. Ni zile alizozitumia bibi yake katika daftari la kodi.