Kufuma ni Neno la Zamani

Julai iliyopita nilirudi Vwawa kumalizia utafiti wangu wa shahada ya uzamili, begi limejaa tisheti. Ukikaa sana Dar unajisahau: baridi ya Mbozi haina utani. Bibi aliniona natetemeka, akanivika mabegani kikoti kifupi kisicho na mikono, alichokifuma mwenyewe. Mbele kina misuko kama mabutu ya nywele, na pindo lake lina matundu ya urembo.

"Ulijifunzia wapi, bibi?"

"Kwa akina mama wa kanisani. Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli."

Nilifurahi. Jibu hilo lilithibitisha sura yangu ya pili: Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, baadaye wakaja Mbozi, na misheni zikawafundisha wasichana kazi za sindano. Kwa hiyo, niliandika, kufuma kuliletwa.

Bibi akacheka. "Kuliletwa? Mbona wazee wetu walifuma? Tena wanaume."

Sikuwa nimewauliza wanaume hata mmoja.

Alikuwa sahihi. Katika karne ya 19, Ufipa, bonde la Rukwa na huku Unyiha, watu walilima pamba, wakaisokota, na wafumi wakaifuma kwa mitambo ya miti iliyotandazwa chini. Kisha zikaja nguo za viwandani kupitia pwani, merikani ikiwa mojawapo. Mwaka 1898 Wajerumani wakaanzisha kodi ya nyumba, na watu wakalazimika kutafuta fedha. Nguo ya kufumwa kwa siku nyingi haikuweza kushindana na jora la dukani. Mitambo ikanyamaza, neno likabaki. Sindano mbili zilipofika, zililikuta linasubiri, ndiyo maana Kiswahili hakitenganishi kazi hizi mbili: zote ni kufuma.

Leo naona yaleyale yakirudi. Tangu biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, mitumba imejaa masokoni. Bibi hununua uzi Tunduma, anafuma kikoti kwa wiki mbili, halafu mteja anamwonyesha sweta la mtumba na kumwambia apunguze bei.

Nimeifuta sura ya pili. Msimamizi wangu hakufurahi. Tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imekaribia. Usiku nilikaa na bibi nijifunze msuko: vitanzi vitatu unavihamishia kwenye sindano ya tatu, unaviweka mbele, unafuma vitatu vinavyofuata, ndipo unavirudia vile vya kwanza. Tundu nalo lina sheria yake: ukiongeza kitanzi kwa kuzungusha uzi, lazima uunganishe viwili mahali pengine, la sivyo kitambaa kitapanuka.

Nilisahau kuunganisha. Bibi alihesabu, akachomoa sindano, akafumua mistari minne.

"Anza pale ulipokosea," alisema, "si pale ulipochoka."