Pamba ya Baba, Karanga za Mama

Historia ya Jinja, hapa Busoga nchini Uganda, imeandikwa kwa vitu vikubwa: Reli ya Busoga iliyofika Namasagali mwaka 1912, kiwanda cha sukari cha Kakira kilichoanza mwaka 1930, bwawa la Owen Falls lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, na viwanda vya nguo vilivyoufuata umeme wa bwawa hilo. Yote hayo ni kweli. Lakini mimi nimezeekea Mafubira, kilomita chache kutoka mjini, na katika nyumba za huku kitu kilichotuvusha miaka hiyo yote ni sufuria ya mboga zilizoungwa kwa karanga. Karanga hizo Wasoga tunaziita maido; mjini utasikia pia binyebwa, kwa Kiganda. Vitabuni zimo kwenye jedwali la mazao, mstari mmoja chini ya pamba. Sababu yake naijua. Pamba ilikuwa ya baba, karanga zilikuwa za mama, na mwandishi alipofika nyumbani alikaa barazani na baba.

Karanga yenyewe ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, chini ya milima ya Andes, upande ambako Bolivia inapakana na Argentina. Katika karne ya 16 meli za Wareno zikaileta kwenye pwani za Afrika, na kutoka huko ikaingia bara mkono kwa mkono, jirani akimgawia jirani kiganja cha mbegu. Ilipofika haikukuta chungu kitupu. Afrika ilikuwa na njugu mawe zake, ambazo nazo huzaa chini ya udongo, na ilikuwa na ufuta, uliokuwa ukitia mafuta kwenye mboga tangu zamani. Kwa hiyo mwanamke aliyepewa mbegu ile hakungoja kufundishwa. Kuchimba alijua, kutwanga alijua, na majani alikuwa nayo: mchicha tunaouita dodo, mgagani, mnavu, majani ya kunde.

Mambo yaligawanyika pamba ilipoingia. Kodi ya nyumba ilishawekwa, na kuanzia miaka ya 1903 na 1904 mbegu za pamba zilianza kusambazwa ili watu wapate pesa ya kuilipia. Mume ndiye aliyedaiwa kodi, kwa hiyo pamba ikaandikwa kwa jina lake, hata pale ambapo mikono iliyoichuma ilikuwa ya mke na watoto. Mke akabaki na shamba la chakula. Humo alipanda wimbi, viazi vitamu, na karanga, akiyazungusha mazao hayo mwaka hadi mwaka ili ardhi isichoke. Pesa ya pamba ilipita mkononi mwa mume ikaenda kwa mkusanya kodi na kwenye duka la Mhindi. Karanga zilibaki ndani, kwenye kikapu kilichotundikwa juu ya moshi wa jikoni, na hakuna mwanamume aliyekigusa kikapu hicho bila kuomba.

Miaka hiyohiyo Busoga ilikuwa kwenye msiba. Ugonjwa wa malale ulizuka ufukweni mwetu mwa Ziwa Victoria karibu na mwaka 1900, na ndani ya miaka michache ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda, hadi serikali ikawahamisha wote waliokaa kando ya ziwa. Njaa nazo zilikuja kwa zamu. Karanga zina faida ambayo wakati wa shibe huioni: hukomaa kwa miezi mitatu au minne, na zikikaushwa vizuri ndani ya maganda yake hungoja hadi msimu mwingine. Nyumba iliyobakiwa na kikapu kile ilikuwa na mbegu na ilikuwa na mchuzi.

Jaja yangu, yaani bibi mzaa mama, alizaliwa katika dhiki hiyo. Hakula kuku. Hakula yai. Busoga, kama Buganda, mwiko ulimkataza mwanamke kuku, mayai na nyama ya kondoo. Jaja alimfuga kuku, akampika, akapiga magoti kumwandalia mume na wageni wake, kisha akarudi jikoni kula mboga. Watu wakiusimulia mwiko huu siku hizi huusimulia kama kioja cha kale. Mimi nauona ndani ya mchuzi. Mchuzi wetu wa karanga ni mzito, una mafuta, unashibisha peke yake bila nyama wala samaki, na naamini umekuwa hivyo kwa sababu wapishi wake walikuwa wamenyimwa kitoweo kingine. Walishika kitu ambacho hakuna aliyefikiria kuwakataza, wakakifanya nyama yao na ya watoto wao. Miaka ya 1970 sisi wajukuu wa kike tulikuwa tukila mayai mbele ya Jaja. Hakutukemea. Alivuta bakuli lake karibu, akaendelea na maido yake.

Namna alivyoupika mchuzi huo ndivyo ninavyoupika. Karanga ziwe mbichi, zile nyekundu ndogo ambazo wengi huku wanazijua kwa jina la Red Beauty. Zichague moja moja kwenye ungo. Yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye uchungu itupwe, usimpe hata kuku. Hili la ukungu si ushamba wa wazee. Mwaka 1960 bata mzinga kwa maelfu walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na hapo ndipo wanasayansi walipoitambua sumu ya aflatoksini, ambayo huharibu ini la mtu pia. Jaja hakuwa na jina la sumu hiyo, lakini alikuwa na ungo, na alikuwa na macho.

Zikishachaguliwa hutwangwa kwenye kinu pamoja na ngozi yake nyekundu, ndiyo maana unga huwa na rangi ya waridi. Koroga unga kwenye maji ya uvuguvugu mpaka usione donge, kisha tia motoni. Hapa usiondoke. Mchuzi wa karanga huchemka ghafla, povu hupanda na nusu yake huishia kwenye majivu kabla hujageuka. Ukishatulia, punguza kuni, acha sufuria wazi, koroga kila mara hadi chini. Mwanzoni utanusa ubichi, kama majani ya maharage. Harufu hiyo itaondoka polepole, rangi itageuka kutoka waridi hadi kahawia nyepesi, na baada ya kama saa nzima utaona mafuta yamejitokeza juu, madoa madogo yanayong'aa. Sasa ndipo mboga iingie. Dodo laini hutiwa hivihivi; mnavu na mgagani huchemshwa kwanza pembeni na maji yake machungu kumwagwa. Chumvi huja mwisho. Viazi vitamu viwe vimeiva tayari, vimefunikwa kwa majani ya mgomba.

Baba yangu alikuwa Mgisu. Alishuka kutoka Bugisu, kwenye miteremko ya mlima Elgon juu ya Mbale, kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo hapa Jinja, na kabla ya kununua kiwanja Mafubira tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi za Walukuba. Walukuba kulikuwa na Wajaluo, Wasamia, Wagisu, Wateso, Wasoga, na lugha ya kusikilizana ilikuwa moja. Kiswahili hiki ninachoandika nilikiokota kwenye foleni ya bomba la maji la Walukuba. Mapishi nayo yalichanganyika palepale, maana majiko yalikuwa nje na kila mama aliona sufuria ya mwenzake.

Baba kila aliporudi kutoka kwao alileta malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya msituni, juu kabisa mlimani, yanayochomoza mvua zinapoanza. Hukatwa yakiwa machanga, hukaushwa juu ya moshi, hufungwa mafungu. Yakiwa makavu ni magumu kama kuni na hukaa mwaka mzima. Ukitaka kuyapika uyaloweke usiku kucha, uyachemshe mpaka yalegee, uyachane kwa vidole kuwa nyuzi, utie magadi kidogo, kisha uyaunge kwa karanga au ufuta. Wagisu hawawezi kufanya imbalu, tohara yao ya miaka ya shufwa, bila chungu cha malewa. Mama yangu Msoga aliyatazama mafungu yale ya kwanza akadhani ni ya kuwashia moto. Lakini karanga alizijua. Alipomaliza kuyapika kwa maido ya kwao, nzito kuliko walivyozoea Bugisu, mama mkwe wake alikula kimya, akaongeza, akaongeza tena. Ndoa ile ilikuwa na wasemaji wengi wa kuipinga, pande zote mbili. Baada ya chungu kile walipungua.

Siku hizi malewa yana bei. Elgon upande wetu wa Uganda ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1993, na kupanda msituni kukata mianzi kukawa jambo la kibali na makubaliano na walinzi. Soko la Mbale bado wanayauza, na mimi bado naagiza.

Miaka ya Amin naitaja kwa sababu ndiyo niliyoishi nikiwa na akili zangu. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, na haikuchukua muda sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya kupikia vikawa vitu vya kupangiwa mstari. Wenye jamaa serikalini walipata. Sisi tulitwanga. Karanga zikawa kitoweo tena zikawa mafuta, na watoto wa majirani waliotucheka Wasoga kwa kula maido kila siku wakaja na bakuli. Wanawake wa Mafubira waliokuwa na nusu ekari ya karanga walilipa ada za shule kwa kuziuza kwa kikombe.

Binti yangu alisomea Malaysia na huko alikaa nyumba moja na wasichana kutoka Java. Aliporudi alitupikia gado-gado. Karanga alizikaanga kwanza, akazisaga kwa pilipili, kitunguu saumu, ukwaju na sukari guru. Wajava hutia uduvi uliochachushwa. Yeye alitumia mukene, dagaa wa ziwa letu, aliokaangwa na kupondwa. Mboga zilichemshwa kidogo tu: kabichi, maharage machanga, dodo, viazi mbatata, na tango bichi, na juu yake mayai ya kuchemsha yaliyokatwa katikati. Mchuzi ulimwagwa juu, na vyote vikaliwa vikiwa vimepoa. Senga yake, yaani shangazi, aliuliza kama kuni zimekwisha. Kisha akala.

Nimeifikiria sana sahani ile. Karanga ilitoka Amerika ikaenda pande mbili za dunia, kwetu na kwao, kwa meli za watu walewale wa Ureno na Hispania, na kote iliangukia mikononi mwa wapishi wenye majani mengi na nyama kidogo. Wao wakaitia tamu na chachu, wakaikaanga. Sisi tuliichukua mbichi tukaichemsha kwa subira bila sukari. Gado-gado naipika sasa, naipenda. Ila kwa mnavu wenye uchungu, mchuzi wa karanga za kukaanga hautoshi. Uchungu ule unataka karanga iliyochemka saa nzima.

Kulikuwa na watu waliozitaka karanga kwa wingi kuliko Jaja. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilipeleka matingatinga Kongwa, Tanganyika, kulima karanga za kutengenezea mafuta ya Waingereza waliokuwa wakila kwa mgao baada ya vita. Udongo wa Kongwa hugeuka mwamba kiangazi kikifika, mvua zake si za kutegemea, na vyuma vilivunjika. Mwaka 1951 mpango uliachwa, pauni milioni 36 zikiwa zimezama. Mwanamke wa Busoga aliyeinama na jembe wakati huohuo alikuwa akivuna.

Ardhi yenyewe inatuishia. Tangu Julai 2020 Mafubira ni sehemu ya Jiji la Jinja, na mashamba yanakatwa kuwa viwanja vya futi 50 kwa 100. Karanga nyingi tunazokula sasa hushuka na malori kutoka Teso na husagwa kwa mashine sokoni. Sina ugomvi na mashine. Nina ugomvi na wanaochanganya unga wa mahindi ndani. Huo uchemshe hadi jioni, hutaona mafuta juu. Ndiyo sababu sijaacha kulima kipande changu nyuma ya nyumba.

Mwaka huu mke wa mwanangu ameniomba mbegu za kwake mwenyewe, apande kwao Kamuli. Nilimpa za aina mbili. Red Beauty kwa ajili ya utamu, na Serenut kutoka kituo cha utafiti cha Serere, kwa sababu Red Beauty haiwezi rosete, ule ugonjwa unaoletwa na vidukari na kuudumaza mmea ukabaki kichaka cha manjano kisicho na kitu chini. Ulielezwa kwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka 1907 na bado unatutesa. Nikamwambia apande mvua ya kwanza ikinyesha, asingoje ya pili, na asiache nafasi pana kati ya shina na shina, maana vidukari hupenda udongo ulio wazi. Na mavuno yakija, kikapu cha mbegu akiweke mahali anapopajua yeye.