Magnamu: Sifa ya Risasi, Si Ukubwa wa Bastola

Mfasiri anayekutana na jina la bastola lenye neno magnamu hukimbilia kuandika "bastola kubwa". Ana kisingizio, kwa kuwa kwa Kilatini neno hilo lina maana ya "kubwa". Katika ufundi wa silaha, hata hivyo, kilichoongezwa ni nguvu ya baruti. Tazama risasi ya .357 Magnum, iliyotolewa na kampuni ya Smith & Wesson mwaka 1935. Kichwa chake kina kipenyo kile kile cha .38 Special iliyoitangulia. Ganda ndilo lililorefushwa kwa milimita 3 na ushei, ili risasi hiyo kali isiingie katika silinda za bastola za zamani na kuzipasua. Risasi ya .44 Magnum, iliyozaliwa na .44 Special mwaka 1955 baada ya mwandishi wa silaha Elmer Keith kuidai kwa miaka mingi, ilifuata njia hiyo hiyo. Jina lenyewe husimuliwa kuwa lilitoka kwenye chupa ya shampeni ya lita 1.5: kinywaji ni kile kile, kilichozidi ni ujazo.

Magnamu, basi, ni sifa ya risasi, na silaha huipata kwa kuazima. Ndiyo maana .22 Magnum ya mwaka 1959, yenye kichwa chembamba kisichofika milimita 6, inastahili jina hilo sawasawa na .500 Magnum ya mwaka 2003. Ukubwa wa bastola ni jambo la pili, nao unakaa kwenye kiunzi, yaani umbo la chuma linaloshika silinda na mtutu. Mlenga shabaha anayetaka kuangusha sanamu ya chuma ya kondoo dume iliyo umbali wa mita 200 huchagua kiunzi kikubwa kwa sababu uzito wake hupunguza teke la silaha mkononi.

Yupo atakayeuliza: haya yanamhusu nini mtu wa Oloipiri, katika eneo la Loliondo, wakati sheria za Tanzania haziruhusu kuwinda kwa bastola? Yanamhusu hasa kwa sababu hiyo. Eneo la Loliondo limekuwa na uwindaji wa kitalii wa kampuni kutoka Falme za Kiarabu tangu mwaka 1992, na kanuni za uwindaji hudai bunduki yenye kipenyo kisichopungua inchi .375 kwa nyati na simba. Sasa linganisha namba: .44 ni kubwa kuliko .375. Anayeamini kwamba magnamu ni ukubwa atahitimisha kuwa bastola ya .44 imekidhi sharti na kuzidi. Ukweli ni kinyume. Risasi ya .44 Magnum hutoka kwenye mtutu wa bastola na nishati ya takriban jouli 1,300; .375 H&H Magnum, risasi ya bunduki iliyobuniwa mwaka 1912, hutoka na zaidi ya jouli 5,500. Zote mbili huitwa magnamu, lakini kila moja imepewa jina hilo kwa kulinganishwa na risasi za aina yake. Askari wa wanyamapori, karani wa vibali na mkalimani wa mwindaji bingwa wanahitaji istilahi isiyowachanganya hapo.

Wengine watapinga kukopa neno wakati Kiswahili kina utajiri wake, wakipendekeza "risasi kuu" au "risasi kali". Lakini "kuu" linarudisha kosa la ukubwa, na "kali" ni sifa ya jumla ambayo kila risasi inaweza kuidai. Isitoshe, bunduki, baruti na risasi yenyewe ni maneno yaliyokuja na bidhaa, yakatwaliwa bila hofu. Ninapendekeza tuseme "risasi ya magnamu", na silaha tuiite "bastola ya silinda, ya kiunzi kikubwa, ya risasi za magnamu". Ni jina refu, lakini kila kipande kinataja kitu kimoja kinachoweza kukaguliwa: namna ya kulishia risasi, uzito wa umbo, na aina ya risasi. Fomu ya kibali ikiyatenganisha hayo matatu, hakuna atakayeidhinisha silaha kwa kutishwa na jina lake.