Kutoka "Jeneza la Shetani" hadi Maficho ya Kukunja

Bata mwitu ana macho pembeni mwa kichwa, moja huku na moja kule, hivyo huona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Rangi anazijua. Kabla ya kutua hulizunguka dimbwi mara mbili tatu akichungulia chini, na kitu kimoja tu kinachong'aa kikimtia shaka huondoka na kundi zima. Mtu aliyeketi katika mashua wazi, ameinua uso kutazama angani, hampati. Mashua za kuwindia bata, tangu mitumbwi ya mafunjo ya Mto Nile hadi zile za alumini zinazobeba maficho ya kukunja kwenye maziwa ya Marekani, zimechongwa na jicho hilo kuliko zilivyochongwa na fundi yeyote.

Wamisri walilijua mapema. Katika mchoro wa kaburi la Nebamun, wa mnamo mwaka 1350 kabla ya Kristo, ambao sasa uko British Museum jijini London, mwenye kaburi amesimama juu ya mtumbwi mdogo. Mkono mmoja umeshika fimbo ya kurusha, wa pili umeshika ndege hai wa kuwavuta wenzao, na mbele yake mafunjo yamesimama kama ukuta. Upande wa pili wa dunia, katika pango la Lovelock huko Nevada, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mwaka 1924 bata wa bandia 11 waliofumwa kwa matete, wengine wakiwa bado na manyoya ya bata halisi. Wana umri wa zaidi ya miaka 2,000, na umbo lao ni sahihi kiasi kwamba jamii ya bata aliyeigwa inatambulikana hadi leo.

Mashua yenyewe kuwa maficho, hilo lilikuja baadaye. Mnamo mwaka 1836, katika kijiji cha West Creek, jimbo la New Jersey, fundi mashua na mwindaji hodari aitwaye Hazelton Seaman alijitengenezea chombo cha kutumia katika ghuba ya Barnegat. Alikiita "Jeneza la Shetani". Wenzake wa ghubani wakakipa jina lililodumu, "sanduku la kunyemelea". Urefu wake ulikuwa kama mita 3.6, upana mita 1.2, na tumbo lake lilipinda kama kijiko ili lipite kwenye maji mafupi. Sitaha ilifunika karibu mashua yote na kuacha tundu dogo la kuingilia. Mwindaji alilala chali ndani yake, majani makavu ya ufukweni yakatandazwa juu ya sitaha, na kwa mbali chombo kilionekana kama kichaka kilichokatika na kuelea.

Kinachonivutia zaidi ni vishikio vya makasia. Vilifungwa kwa bawaba, vikalazwa chini baada ya kupiga makasia ili kisibaki kitu chochote kilichosimama. Kanuni ya maficho ya leo iko hapo tayari: kinachohitajika safarini kilazwe wakati wa kuvizia, na kinachohitajika wakati wa kuvizia kilazwe safarini. Chombo kilikuwa imara pia. Nathaniel Bishop aliondoka Pittsburgh Desemba 1875 katika sanduku la kunyemelea aliloliita Centennial Republic, akateremka mto Ohio, kisha Mississippi, akafuata ufuko wa Ghuba ya Meksiko hadi Florida, jumla ya maili 2,600. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1879.

Wapo waliotaka kujificha zaidi. Kusini zaidi, mto Susquehanna unapoingia katika ghuba ya Chesapeake, kuna eneo pana la maji mafupi lililokuwa limejaa nyasi za majini. Bata mwenye mgongo mweupe kama turubai, ambaye Wamarekani humwita kwa jina hilo la turubai, alizifuata kwa maelfu kila majira ya baridi. Mizizi ya nyasi hizo iliipa nyama yake ladha ambayo hoteli za Baltimore, Philadelphia na New York ziliilipia bei kubwa. Hapo ndipo lilipotawala "sanduku la kuzama": kisanduku chenye umbo la jeneza, kilichozungukwa na mabawa ya mbao na turubai yanayoelea. Bata wa chuma waliwekwa juu ya mabawa hayo ili uzito wao ukishushe chombo hadi midomo yake ikawa sawasawa na uso wa maji. Pembeni walielea mamia ya bata wa mbao. Mwindaji alikuwa amelala chini ya usawa wa maji, na mwenzake alisubiri mbali akiwa na mashua ya kuokota mizoga. Wimbi moja kubwa lingeweza kumzamisha. Lakini bata hakuwa na namna ya kumwona.

Ubaya wake ulijulikana mapema. New York ilipiga marufuku vyombo vya namna hiyo mwaka 1838; wawindaji wakavaa vinyago, wakaendelea kupiga na kuwatishia waliotaka kuwashtaki, hata sheria ikafutwa. Ilichukua karibu miaka 100 serikali kushinda. Lacey Act ya mwaka 1900 ilizuia kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama na ndege waliouawa kinyume cha sheria. Sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 ikakomesha biashara ya nyama yao. Kisha ukame wa miaka ya 1930 ulikausha madimbwi ya kuzalia, bata wakapungua vibaya sana, na mwaka 1935 serikali kuu ikapiga marufuku sanduku la kuzama, pamoja na kutumia bata hai kuwaita wenzao na kumwaga nafaka za kuwavuta. Kwa maoni yangu mstari ule ulichorwa mahali panapostahili: mtu anaruhusiwa kujificha nyuma ya majani, haruhusiwi kujizika ndani ya maji.

Wakati huohuo mashua zilibadilika. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyeishi Milwaukee, alianza kuuza injini ya kufunga nyuma ya mashua. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vilivyozoea kuunda ndege viligeukia mashua za alumini. Mwindaji akapata chombo chepesi, kipana, chenye kasi, kinachobeba watu watatu, mbwa na gunia la bata wa plastiki. Lakini alipoteza kitu kimoja: chombo hicho kina kuta ndefu, kinang'aa, na hakuna anayeweza kulala ndani yake akapotea machoni. Kile alichokifanya Seaman kwa kuishusha sitaha, sasa ilibidi kifanywe kwa kuinua ukuta.

Ukuta huo ulitoka vitani. Mwaka 1915 jeshi la Ufaransa liliunda kikosi cha kuficha silaha chini ya mchoraji Lucien-Victor Guirand de Scévola. Adui wao alikuwa rubani, jicho linalotazama kutoka juu kama la bata. Walitandaza nyavu juu ya mizinga na kuzifungia vipande vya nyuzi za rafia, jina lililotoka katika lugha ya Kimalagasi. Msomaji wa pwani anaujua mti wa nyuzi hizo: ni mwale. Nyuzi hizohizo, kavu na za rangi ya majani yaliyokauka, bado zinauzwa Marekani kwa kufunikia maficho ya mashua.

Maficho ya kukunja yenyewe ni kazi ya fundi wa nyumbani. Fremu mbili za bomba jepesi la alumini au plastiki hufungwa kwa bawaba kwenye kingo za mashua, moja kila upande. Safarini zimelala kando, kwa sababu ukuta uliosimama hushika upepo, humziba nahodha, na huipindua mashua ndogo. Mkifika, injini huzimwa. Sheria ya Marekani hairuhusu kupiga bata mashua ikiwa bado inasukumwa na injini. Upondo hutumika kuisogeza hadi kwenye matete, fremu huinuliwa zikakaribiana juu kama paa, na pini huzishikilia. Wakati wa kupiga zinasukumwa zifunguke na mwindaji anasimama.

Wengi hukosea kwa kununua wavu wa mabaka mazuri na kuuacha hivyo. Bata hasomi mabaka. Anaona kivuli cheusi cha ndani, mstari ulionyooka wa ukingo, na uso mweupe wa binadamu. Fundi mzuri huilaza fremu kimshazari ili isitupe kivuli kikali, huipaka mashua rangi isiyong'aa, hupaka tope nyuzi mpya, na juu yake hufunga matete yaliyokatwa karibu na pale pale atakapovizia. Matete ya Novemba si ya Januari, kwa hiyo kazi hiyo hurudiwa.

Anayevizia ndani yake, akiwa na umri wa miaka 16 au zaidi, lazima awe na stempu ya bata ya serikali kuu ya Marekani. Ya kwanza, ya mwaka 1934, ilichorwa na mchora katuni Jay Norwood Darling na kuuzwa dola 1. Leo ni dola 25. Fedha hizo, zaidi ya dola bilioni 1.1 hadi sasa, zimesaidia kununua na kuhifadhi zaidi ya ekari milioni 6 za madimbwi na ardhi ya ndege hao.