Jinsi ya kuzuia tarakilishi isikatize maonyesho ya slaidi

KIFUNGU cha 201 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinadai uwazi na ushirikishaji wa umma katika masuala ya fedha. Katika mji kama Matuu, Kaunti ya Machakos, matakwa hayo hutimizwa ukumbini: afisa husimama mbele ya wananchi waliotoka Ikombe, Katangi na Ndalani, akawaonyesha ukutani mgawo wa pesa za maji na barabara. Kiwambo kikizimika wakati jedwali la maji linasomwa, aliyesafiri kutwa nzima hurudi nyumbani bila kuziona tarakimu alizozijia. Tena huenda akashuku kwamba zimefichwa makusudi.

Aghalabu mtambo wenyewe hauna hitilafu. Umetii tu maagizo ambayo hakuna aliyekumbuka kuyabadilisha. Vikatizo vikuu ni vinne.

Usingizi

Ili kuokoa umeme, tarakilishi huhesabu dakika tangu kibodi au kipanya kiguswe mara ya mwisho. Msemaji akieleza jedwali moja kwa dakika kumi bila kugusa chochote, mtambo huamini ameondoka, ukazima kiwambo. Programu ya PowerPoint, ikionyesha slaidi kwa kiwambo kizima, kwa kawaida huzuia jambo hilo. Hata hivyo, wanaoonyesha hati ya PDF, picha au jedwali la hesabu mara nyingi hawana kinga hiyo.

Dawa ni kufungua mipangilio ya umeme na kuchagua kiwambo kisizimike kamwe wala mtambo usilale. Katika Windows, muda huo hupangwa mara mbili: tarakilishi ikiwa imechomekwa kwenye umeme, na ikitumia betri. Wengi hubadilisha wa kwanza pekee. Umeme ukipotea ukumbini, kipakatalishi huhamia kwenye betri na kufuata ule muda mfupi uliosahauliwa.

Umeme

Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kilicho katika msururu mmoja na bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, na nchi nzima ikakosa umeme. Jaza betri hadi pomoni kabla ya kuondoka nyumbani, na ubebe waya wa kuchajia hata ukiambiwa mkutano utakuwa mfupi. Kumbuka pia kwamba projekta nyingi hazina betri. Nakala chache za karatasi zenye majedwali makuu zitauokoa mkutano endapo ukuta utabaki mtupu.

Arifa

Ujumbe wa WhatsApp au barua pepe ukichomoza pembeni mwa kiwambo, ukumbi wote huusoma, hata kama ni wa deni au ugonjwa wa jamaa. Washa mpangilio wa kutosumbuliwa, kisha ufunge kabisa programu za mawasiliano. Ikiwa slaidi hazihitaji intaneti, kata mtandao. Njia ya mkato katika Windows ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, ukachagua kutandaza kiwambo badala ya kukirudufu. Hapo maelezo ya msemaji hubaki mbele yake, na wananchi huona slaidi peke yake.

Usasishaji

Programu za mtambo hujisasisha zenyewe, na wakati mwingine hudai tarakilishi izimwe na kuwashwa upya. Fanya kazi hiyo siku moja kabla, uwashe mtambo upya, kisha usitishe usasishaji kwa muda. Programu ya kukinga virusi nayo isipangiwe kukagua faili saa ya mkutano.

Mambo yakiharibika

Tahadhari hizo zote hazimalizi robo saa zikifanywa ukumbini kwenyewe, kwa projekta ileile itakayotumika. Kikatizo kikitokea licha ya hayo, usianze upya mbele ya watu. Katika PowerPoint ya Windows, F5 huanzisha maonyesho kutoka slaidi ya kwanza, ilhali Shift pamoja na F5 hukurejesha kwenye slaidi uliyokuwa ukiifungua. Ukitaka kuficha kiwambo kwa muda unapojibu swali, bonyeza herufi B wakati wa maonyesho. Kiwambo kitakuwa cheusi hadi utakapobonyeza tena.

Mkutano ukiisha, rudisha mipangilio kama ilivyokuwa. Usingizi ule uliokuudhi ukumbini ndio unaofunga tarakilishi ofisini mwenyewe anapotoka. Mtambo usiolala kamwe humwachia yeyote apitaye faili za bajeti zikiwa wazi.